Daftari la Fundi Baiskeli

Ukitaka ugomvi wa bure hapa Mfaranyaki, pita kijiweni saa kumi na mbili jioni useme kwamba Songea haina vipaji vya mpira. Utatajiwa majina mpaka giza liingie. Utakumbushwa mwaka 1998, Majimaji ilipotwaa ubingwa na kombe likaja huku kusini, Simba na Yanga wakabaki kulisikia redioni. Utaambiwa kwamba hata iliposhuka daraja mwaka 2018 kosa halikuwa la miguu ya watoto wa hapa, kosa lilikuwa la mfuko. Na wapo watakaokwambia, tena bila kucheka, kwamba maji yanayotoka Matogoro, mlima unakoanzia Mto Ruvuma, yana kitu ndani yake kinachokaza misuli.

Mimi juu ya misuli sibishani na mtu. Nabishana juu ya neno lenyewe, kipaji. Kijiweni kwetu kipaji ni kitu kinachoshuka usiku kama umande: mtoto analala hana, anaamka nacho. Basi kinachobaki ni kungoja mtu wa Dar es Salaam apite na gari, ashushe kioo, aone, amchukue. Asipopita, tunasema kipaji kimepotea, kana kwamba kilidondoka njiani kama funguo.

Ndugu msomaji, nami ni mmoja wenu. Nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea, na nina kauntabuku tatu zilizojaa riwaya ambayo bado haijaisha. Shujaa wake ni kijana wa Mfaranyaki. Katika sura ya sita anaonwa na mtu wa timu kubwa, anapanda basi alfajiri na begi la kuazima, anashuka Dar es Salaam. Sura ya saba inaanza kwenye geti la akademi. Hapo kalamu ilisimama miezi mitano. Maana ndani ya geti lile mna nini? Watoto wanafanywa nini humo hata wanaingia wakiwa wacheza chandimu na kutoka wakiwa wachezaji? Nikaanza kuuliza. Nilivyozidi kuuliza ndivyo riwaya ilivyozidi kukaa pembeni, na kilichokaa mezani kikawa daftari la mtu mwingine.

Huyo mtu ni fundi baiskeli. Sitamtaja jina kwa sababu mwenyewe amenikataza, ati akiandikwa watu watadhani ana fedha. Watoto wote wanamwita Mwalimu. Mchana anaziba pancha na kunyoosha ringi, na jioni siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anafunga kibanda, anabeba mipira minne kwenye mfuko wa salfeti na kwenda uwanjani na watoto wapatao arobaini nyuma yake. Timu yake haina cheti, haina akaunti ya benki, haina hata mhuri. Ina daftari.

Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni la madeni ya wateja. Limegawanywa kwa rula: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, anasoma wapi, siku alizokuja, kimo. Kimo! Nikamuuliza anapimaje. Akanionyesha mwimo wa mlango wa kibanda chake. Umejaa alama za msumari kuanzia usawa wa kiuno changu mpaka juu ya kichwa, na pembeni ya kila alama pana herufi mbili na mwaka. Kila Jumamosi ya kwanza ya Januari na ya Juni watoto hupanga mstari, mmojammoja akavua ndala na kuegemea mwimo.

"Sasa Mwalimu, kimo kinahusiana nini na mpira?"

"Wewe umesoma halafu unaniuliza hivyo? Mtoto ukimpa baiskeli kubwa anaanguka. Ukimpa ndogo magoti yanagonga usukani. Nisipojua kimo chake nitamfundisha nini?"

Nilicheka. Baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma na kuuliza watu waliopita katika vituo vikubwa, niliacha kucheka. Akademi zenye fedha hufanya jambo hilohilo, ila wao wana mizani na kompyuta. Wanawapima watoto mara kwa mara ili wajue ni lini yule mtoto ataanza kurefuka ghafla. Kwa wavulana wengi huwa kati ya miaka 13 na 15. Katika kipindi hicho mifupa inakwenda mbio na misuli inaachwa nyuma, na mtoto aliyekuwa akipiga danadana mia anaanza kukanyaga mpira na kuanguka. Mwalimu ana maneno yake kwa hali hiyo: "Huyu kaazima miguu ya mtu, ngojeni aizoee." Wengine huumwa chini ya goti, pale mshipa unaposhika mfupa wa muundi, kwa sababu pale bado ni pachanga na panavutwa. Dawa yake kubwa ni kupunguziwa mbio mpaka maumivu yatulie. Lakini mara ngapi tumeona kijana wa namna hiyo akichuliwa goti kwa dawa ya moto, kisha akaambiwa acha uvivu, zunguka uwanja mara kumi?

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kulea mchezaji ni kazi ya kungoja kwa akili. Si kungoja lile gari la kijiweni. Ni kungoja huku unajua unangoja nini.

Chukua habari ya wafupi. Kwenye uwanja wetu mtoto mfupi husimama nyuma ya goli, kazi yake kuokota mipira inayoingia kwenye mahindi ya watu. Mrefu anapangwa, anafunga, tunapiga makofi. Lakini mrefu wa miaka 12 mara nyingi ni yule aliyetangulia kukua tu, na akifika 17 wenzake wamemfikia, naye hana kitu kingine mkononi kwa sababu alizoea kushinda kwa kusukumana. Lionel Messi alipofika Barcelona mwaka 2000 alikuwa na miaka 13 na kimo cha mtoto mdogo, mwili wake ulipungukiwa homoni ya kukua. Klabu ilikubali kumlipia matibabu ikamfundisha hivyohivyo alivyo. Angekuwa hapa kwetu, nasema kweli, angekuwa bado anaokota mipira. Hata mwezi wa kuzaliwa una mkono wake: timu za vijana za Ulaya zimeonekana mara nyingi kujaa watoto wa Januari, Februari na Machi, kwa kuwa hesabu ya umri huanza Januari na wao wanakuwa wamewazidi wa Desemba karibu mwaka mzima. Mwaka mzima kwa mtoto wa miaka kumi ni mwingi mno. Tunauita kipaji, kumbe ni kalenda.

Sisemi kwamba uwanja wetu haufundishi kitu. Unafundisha sana. Chandimu inachezwa watano kwa watano, magoli ya mawe mawili, na kila mtoto anagusa mpira mara nyingi kuliko angesimama winga katika uwanja mkubwa akingoja pasi isiyofika. Walimu wa Ulaya siku hizi wamerudi hukohuko, wanawachezesha wadogo katika viwanja vidogo, wachache wachache. Na kuhusu peku, nilisoma jambo lililonifurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jean-Marc Guillou alianzisha akademi ya klabu ya ASEC Mimosas mjini Abidjan, Ivory Coast. Watoto wale walifundishwa kwa muda mrefu bila viatu, kusudi mguu uujue mpira. Mwaka 1999 ASEC iliingiza vijana wa akademi katika mechi ya kombe la bingwa wa mabingwa wa Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, wanaume waliokomaa, na vijana wakashinda 3-1 baada ya dakika za nyongeza. Kolo Touré alitoka humo, na mdogo wake Yaya.

Nilipomsimulia Mwalimu alinyamaza kidogo, halafu akauliza swali moja. "Walikuwa wanakula nini?"

Swali lake ndilo swali. Wale watoto walilala palepale, walikula palepale, walisoma palepale, miaka mfululizo. Peku yao ilikuwa mpango, peku yetu ni ukosefu. Katika daftari la Mwalimu kuna safu ya mahudhurio, na ukiifuata kwa kidole unaona jinsi mji huu unavyoishi. Desemba na Januari nafasi tupu zinaongezeka, watoto wako mashambani kwa palizi. Zinajaa kidogo, halafu wakati wa kuvuna mahindi zinakuwa tupu tena. Kuna mtoto mmoja mwenye siku nzuri kila Jumanne na siku mbaya kila Alhamisi. Mwalimu alikwenda kwao kuuliza. Kumbe Alhamisi ni zamu yake kumbakiza dada yake chakula cha mchana, hivyo anakuja uwanjani na njaa, na akija na njaa anakaa pembeni. Skauti angepita siku ya Alhamisi angeandika: hana nguvu.

Hapa Tanzania wapo walioelewa. Azam ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, na pamoja na kununua wachezaji kama wengine, ikajenga makao yake Chamazi, mbele ya Mbagala, na kulea timu za vijana humo. Msimu wa 2013/14 ikachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Farid Mussa alitoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania mwaka 2016. Novatus Dismas alipita mikononi mwao akiwa kijana, na mwaka 2023 tulimwona na jezi ya Shakhtar Donetsk ya Ukraine katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwanza kuna Alliance, ambako shule na mpira viko ndani ya ukuta mmoja, na timu yao iliingia Ligi Kuu mwaka 2018. Mwanza hiyohiyo walitoka vijana waliokwenda Rio de Janeiro mwaka 2014 wakarudi na Kombe la Dunia la watoto wa mitaani. Na wasichana wetu chini ya miaka 17, Serengeti Girls, mwaka 2022 nchini India walifika robo fainali ya Kombe la Dunia baada ya kuifunga Ufaransa 2-1. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu daftari la Mwalimu lina wasichana saba na kijiweni hakuna anayewahesabu.

Lakini kutoka hapa mpaka Chamazi ni karibu kilomita elfu moja. Kati ya kibanda cha fundi baiskeli na geti la akademi pana bonde, na katika bonde hilo wanafanya biashara watu wa kila namna. Hapa inabidi nizungumze habari ya nyumbani.

Mdogo wangu anayenifuata ni kiungo. Nisimsifu sana, msije mkasema ni undugu, ila Mwalimu mwenyewe amemwandikia katika daftari neno moja ambalo hajamwandikia mwingine: "anatazama". Maana yake, kabla mpira haujamfikia anakuwa ameshageuza shingo na kujua nani yuko wapi. Mwaka 2023, akiwa na miaka 17, yalitangazwa majaribio ya timu moja ya mkoa mwingine. Tukachanga nauli. Alicheza siku mbili, siku ya tatu akaitwa pembeni pamoja nami na bwana mmoja wa timu hiyo, mtu mpole, anayeongea taratibu kama daktari.

"Kijana ni mzuri sana," alisema. "Tatizo ni miaka. Mwenye 17 simuuzi kokote, ameshachelewa. Mwenye 14 namuuza. Nyumbani hakuna mdogo wake wa kiume?"

Yupo, tukasema. Kitindamimba wetu, alikuwa na miaka 14 kamili.

"Basi imekwisha. Leteni cheti chake. Huyu ataanza kidato cha kwanza upya kwa jina la mdogo wake, hapa hapa, sisi tutashughulikia shule."

Njiani kurudi hatukuzungumza. Nilijua anachohesabu kichwani: miaka mitatu ya bure, kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi dukani. Wala si yeye wa kwanza. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa katika mashindano ya Afrika ambayo ilikuwa imeshafuzu, kwa sababu ya umri wa mchezaji. Nchi nzima ikakaa nyumbani. Tangu mwaka 2009 katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo FIFA hutumia kipimo cha picha ya sumaku cha kifundo cha mkono. Wanaangalia kama sehemu laini ya mfupa imeshaungana kabisa, na ikiwa imeungana, cheti chako hata kiwe na mihuri kumi hakisaidii. Mkono unasema wenyewe.

Tulipofika tukamweleza mama, baada ya shikamoo na baada ya chakula, kwa sababu habari kama hizo hazisemwi mtu akiwa na njaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atazungumzia dhambi. Hakuzungumzia dhambi.

"Na huyu mdogo," akasema, "atatumia cheti cha nani?"

Hakuna aliyejibu. Kitindamimba alikuwa amekaa kwenye kizingiti akisikiliza. Mama akaingia ndani, akatoka na kadi za kliniki, za sisi wote watatu, zimefungwa kwa kamba ya katani katika mfuko wa nailoni. Akazipanga juu ya mkeka moja baada ya nyingine kama karata. "Nilibeba matatu, nikazaa watatu. Mtu asije kunipunguzia."

Mdogo wangu hakugusa mpira majuma mawili. Sasa anajifunza kuchomelea vyuma, Jumamosi anacheza ndondo, na jioni nyingine anamsaidia Mwalimu kuwafundisha wadogo kutazama. Mpaka leo hajasema kama anamshukuru mama au anamlaumu. Sijamuuliza.

Nimefikiri sana juu ya yule bwana mpole. Watu wanasema ni tapeli, mimi naona ni zaidi ya hapo: yeye ni matokeo ya bonde lile. Kama mtoto hana karatasi yoyote inayoonyesha amefundishwa nini toka akiwa na miaka kumi, basi miaka yake ni unga tu, kila mtu anaufinyanga apendavyo. Akademi ya kweli huanza mapema na kwenda polepole. Mpaka miaka 12 ni mguu na mpira tu, furaha tu, kila mtoto anacheza kila nafasi. Baadaye anafundishwa nafasi yake, mwili wake, namna ya kucheza na wenzake. Akifika 17 au 18 ndipo anafundishwa kushinda. Anayemchukua wa miaka 17 na kumwita 14 hataki kumfundisha kitu, anataka ashinde leo dhidi ya watoto, auzwe kesho, na keshokutwa mkono wake upigwe picha akiwa mbali na nyumbani.

Tena kuna sheria ambayo kijiweni kwetu hakuna aliyekuwa anaijua, hata mimi. FIFA hairuhusu, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi moja kwenda nyingine. Kwa hiyo anayekuja na ahadi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya mwezi ujao, muulize ni kwa sababu gani kati ya hizo chache. Mwangalie usoni anapojibu.

Na kuna sheria nyingine, hii ndiyo iliyonitoa usingizi. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kwa ada kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ile hukatwa na kugawiwa kwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 mpaka wa kutimiza 23. Kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, klabu iliyomlea hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23, nusu ya asilimia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 FIFA ina ofisi maalumu inayofuatilia malipo hayo kwa kutumia kumbukumbu za usajili za mchezaji.

Nilikaa na Mwalimu tukapiga hesabu nyuma ya daftari. Tuseme kijana wa hapa auzwe shilingi bilioni moja, ambayo kwa mpira wa Ulaya ni fedha ya kawaida kabisa. Robo ya asilimia moja ni milioni mbili na nusu. Aliyemlea miaka minne, toka 12 mpaka 15, anapata milioni kumi. Mwalimu alipanguza mikono yenye grisi, akazihesabu zile sifuri kwa ncha ya kalamu, akarudia.

"Milioni kumi ni mipira mingapi?"

"Mingi, Mwalimu. Na uji wa Alhamisi miaka kadhaa."

"Na wanataka nini kwangu?"

Hapo ndipo penyewe. Wanataka timu iwe imesajiliwa na kutambuliwa na chama cha mpira cha nchi, na mtoto awe ameandikishwa katika timu hiyo kwa jina lake na tarehe yake, mwaka kwa mwaka. Daftari la fundi baiskeli halitambuliki, hata liwe la kweli kiasi gani. Na mtoto aliyebadilishwa jina na miaka amekatwa kabisa na waliomlea: hata ukija na ushahidi, yule mnayemdai hayupo, aliyepo ni mdogo wake. Sikuwa nimefikiri hivyo kabla. Kumbe yule bwana alipotuambia tulete cheti cha kitindamimba alikuwa anafuta pia miaka sita ya Mwalimu, na alama zake za msumari kwenye mwimo wa mlango.

Nikifika hapa washikaji wa kalamu huniuliza: na sisi je? Akademi yetu iko wapi? Ni swali la haki. Mimi nilikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akirudisha insha zangu zimejaa wino mwekundu, pembeni kaandika "punguza", "punguza", "hapa nimekuamini". Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na siku moja nikichapishwa hakuna robo ya asilimia itakayomfuata. Lakini angalau mwandishi akiwa na miaka 30 bado ni mchanga. Kiungo akiwa na miaka 17 ameshaambiwa amechelewa. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nimwonee mdogo wangu uchungu nisioweza kujionea mwenyewe.

Mwezi wa pili mvua iliingia kibandani, daftari likalowa upande mmoja. Wino wa kurasa za mwanzo umetambaa, majina mengine yamekuwa madoa ya bluu. Mwalimu ameamua kuisajili timu. Ameshaanza kufuatilia, ameambiwa alete katiba, orodha ya viongozi na orodha ya wachezaji. Akanijia na lile daftari limefungwa kwa kitambaa. "Wewe una mwandiko," akasema. "Niandikie upya."

Basi usiku, badala ya sura ya saba, naandika majina. Nimefika la 63 kati ya 112, maana wapo na waliokwisha kuacha, na Mwalimu hataki waachwe. Palipolowa nakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Wengine wana vyeti vya kuzaliwa, hao ni rahisi. Wengine wana kadi za kliniki. Wengine wana mama tu.

Jana nilikuwa kwa mama mmoja anayeuza maandazi, mwanawe ni wa mwisho kabisa kwa udogo katika daftari, kipa, anadakia kandambili. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamuuliza tarehe. Akafuta mikono kwenye kanga, akafikiri.

"Kadi ilichukuliwa na maji," akasema. "Lakini andika hivi. Alizaliwa ule mwaka Majimaji iliporudi Ligi Kuu. Mvua zilikuwa hazijaisha. Usiku ule vijana walikuwa wanapiga kelele barabarani, nikadhani wananishangilia mimi."

Nikaandika 2015. Mahali pa mwezi nimeacha wazi kwa penseli mpaka niupate ule usiku.